Msumeno wa Namalwa Haukuwa wa Biashara

Hapa Nakuru ukinunua mashine, watu hawakuulizi ni ya nini. Wanakuuliza utauza nini. Namalwa alianza kuulizwa papo hapo dukani kwa Shabir, aliponyooshea kidole msumeno mdogo wa umeme, ule wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka, wa kukatia mapambo ya mbao. Ulikuwa wa bei nafuu kuliko yote pale.

"Mathe, workshop unafungua wapi?" Shabir akauliza.

"Sifungui. Ni ya kujifurahisha tu."

Shabir akamtazama kuona kama anatania, kisha akamwongezea bledi mbili za bure, pengine kwa huruma.

Usimcheke Namalwa. Mama huyu alifunga blanketi kiwandani miaka thelathini, macho kwenye ubao wa hesabu ya siku, na hata usingizini alikuwa akihesabu. Alipostaafu, aliapa kwamba mikono yake itafanya jambo moja lisilo na idadi.

Akaufunga msumeno kwa bolti juu ya meza ya cherehani kuukuu. Alipouwasha, meza ikaanza safari ya kuelekea mlangoni na mbao ikarukaruka kama bisi. Mumewe, Masinde, akacheka hadi akakohoa. Kumbe meno ya bledi yalitazama juu, yakawa yanainua mbao badala ya kuikata. Namalwa akaigeuza yatazame chini, akaikaza, kisha akachukua akala za Masinde, zile ndara zake za tairi, akazikata vipande na kuvitia chini ya miguu ya meza. Hapo Masinde akaacha kucheka. Mbao ya saiprasi kutoka Dundori ikakatika taratibu, nyumba nzima ikanukia, na kufikia jioni Namalwa alikuwa na bata mmoja mwenye shingo nene kupita kiasi. Alimpenda bata yule bila aibu.

Masinde naye alifurahi, kwa njia yake. Jumapili alitoka kanisani akiwa amekubali oda: Joyline, kiongozi wa kwaya, alitaka misalaba hamsini ifikapo Ijumaa.

"Kazi mbi si mchezo mwema, Mama Quincy," akamwambia mkewe. "Hiyo mashine lazima ilete kitu."

Namalwa akajaribu, maana ni vigumu kumkatalia mtu wa kanisa. Alipofika msalaba wa saba akajisikia akihesabu kwa sauti. Akauzima msumeno.

"Baba Quincy, hii sitamaliza. Nilihesabu kule kiwandani, ikatosha."

"Na nimeshatoa neno mbele ya kwaya nzima? Basi nitamaliza mwenyewe."

Masinde akakaa mezani, uso umekunjamana. Namalwa akaenda bustanini kupalilia sukuma, na kwa saa tatu akasikia msumeno ukinguruma, ukinyamaza, ukinguruma tena. Aliporudi na chai, hakukuta hata msalaba mmoja mpya. Masinde alikuwa ameinama, vumbi la mbao kwenye nyusi, akikata kwa uangalifu gurudumu la garimoshi dogo la mbao, la aina ile aliyoendesha marehemu babake.

"Na oda?" Namalwa akauliza.

Masinde hakuinua kichwa.

"Mpigie Joyline," akasema. "Mwambie hata mimi sipatikani."