Ulezi Nilioung'oa kwa Mkono Mmoja

Ulezi ukiwa mchanga hufanana mno na gugu moja linaloota katikati yake, hata mgeni akitumwa kupalilia hung'oa chakula akaacha jani. Sisi tuliozaliwa huku juu Ufipa tunawacheka sana wageni wa namna hiyo. Mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo mimi, mzaliwa wa pale, tena katika shamba la mama yangu mzazi.

Nianze na simu, maana ndiko kesi inakoanzia. Mimi ni fundi cherehani mtaa wa Katandala, huku mjini, na mwaka ule nilichaguliwa katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu. Kamati zetu mnazijua: mikutano imehamia kwenye simu, na haifungwi. Rangi ya sare za akina mama pekee ilijadiliwa wiki mbili. Nilikata vitambaa huku nasikiliza ujumbe wa sauti, nikasonga ugali huku naandika majibu. Mume wangu akinisemesha nilimjibu "ndiyo" hata pale alipouliza chumvi iko wapi. Siku moja mteja akajaribu gauni lake, mkono mmoja ukakaa vizuri, wa pili ukajikunja kwapani. Nilikuwa nimekata mikono miwili ya kushoto. Badala ya kujilaumu nikagombana na kitambaa.

Mama aliishi peke yake kijijini, upande wa Chala, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, asubiri zamu yake ya upasuaji. Kaka zangu wakakaa kikao wakaamua mama ahamie mjini, shamba apewe mtu mwingine alime mahindi. Mama akawaomba msimu mmoja tu. Akasema ulezi usipotoka vizuri, atafungasha mwenyewe bila kuvutwa. Kisha akanipigia mimi. "Mwanangu, kulima nimelima, kupanda nimepanda. Palizi ndiyo inataka macho. Njoo uniazime yako wiki moja." Nilifunga kibanda changu cha kushonea nikapanda basi.

Mtandao pale kijijini ni wa kubahatisha. Katika shamba la mama unashika upande wa juu tu, karibu na kichuguu, kwa hiyo mnaweza kukisia palizi nilianzia wapi. Hedifoni masikioni, simu mkono wa kushoto, wa kulia unang'oa. Asubuhi ile kamati ilichafuka; kuna mtu alitaka ukumbi ubadilishwe, nami ni katibu, ningenyamazaje? Nilijibu kwa hasira, na mkono ukang'oa kwa hasira hizo hizo. Ilipofika saa nne nilikuwa nimemaliza kipande kizima, nikajisifu kimoyomoyo kwamba bado mimi ni mtoto wa shamba.

Mama akaja na jagi la uji. Akainama kwenye rundo la nilivyong'oa, akachukua konzi moja, akawa anapapasa shina moja moja kwa vidole. Akasema kwa Kifipa, taratibu, kwamba huu ni ulezi. Akachukua mwingine. Na huu. Na huu pia.

Nilivua hedifoni nikageuka nyuma. Gugu lilikuwa limesimama limenawiri, limepewa nafasi na mimi mwenyewe. Kaka zangu walikuwa wametaka kumtoa mama shambani kwa maneno. Mimi nilikuwa nakaribia kumtoa kwa mkono mmoja.

Nikalia, mtu mzima mwenye watoto. Nilitaka anigombeze, kwa sababu mimi ningegombeza. Mimi hupandisha hasira hata kwa uzi uliokatika. Mama akanimiminia uji. "Kunywa kwanza. Mvua inakuja, na mizizi bado mibichi."

Tuliurudisha ardhini. Ulezi mchanga ukihamishwa wakati udongo una maji hushika, na hilo nililijua tangu utoto. Ila kwanza ilibidi tuutenganishe na gugu, na hapo mama akanifundisha upya. Alinishikisha shina la huu na shina la lile, akaniambia nifumbe macho. Tofauti ni ndogo, na vidole havikupi jibu ukiwa na mawazo ya ukumbi. Kila mara alichomeka kijiti hatua chache mbele yetu. "Mpaka pale tu," alisema. "Kwingine usikuangalie." Tukifika, tunanyoosha migongo, anakihamisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama siku nne, matope hadi magotini.

Simu niliizima nikaiacha nyumbani juu ya kabati la vyombo. Nilijua kamati itakwama bila mimi. Nilipoiwasha siku ya tano walikuwa wameshakubaliana ukumbi na rangi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza katibu yuko wapi. Iliniuma kidogo, halafu ikanipumzisha sana. Siku hizi pale kibandani sishiki simu mpaka nimalize kukata nguo niliyoianza, na mume wangu anasema nimeanza kumsikia. Hayo yote nimeyapata kwa mama.

Mwezi wa sita, upepo wa baridi umeshaanza, mimi na kaka zangu tulikuja kuvuna. Ulezi ulikuwa umeinamisha masuke. Kaka mkubwa akazunguka shamba lote, mikono nyuma, kama bwana shamba.

"Mama, nani kapalilia hapa?"

"Mdogo wako huyo."

"Aisee, hongera! Basi mama abaki. Kwa ulezi huu sina neno."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mama akanikanyaga kidole cha mguu, akakipata barabara, mtu ambaye eti haoni.

Walipokwenda kuleta magunia nikamuuliza kwa nini hakuniacha niseme. "Ningewaambia nini?" akasema. "Kwamba macho niliyoazima yalikuwa mabovu kuliko yangu?" Akacheka hadi akashika kiuno.

Mimi sikucheka. Nilipiga magoti pale pale kwenye mabua, nikampigia makofi ya taratibu kama tunavyowashukuru wakubwa huku kwetu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nihamie mjini. Nikamwambia asante, mama, kwa kunificha, na kwa kutonifukuza siku ile. 

"Haya inuka," akasema. "Shamba langu hili halijivuni lenyewe."