Filamu za Jumamosi na Jibu Nililolibeba

Hebu kaa karibu, msomaji wangu, unisikilize kwa utulivu, maana leo nina habari ya msiba na nina habari ya woga, na sijui kuzitenganisha. Yule mama fundi wa nguo wa Msambweni, ambaye nimewahi kukudokezea habari zake katika safu hii, amefariki. Simu ilinifikia Ukunda asubuhi kutoka kwa jirani yake, muuguzi, na kabla hajamaliza kunisalimia nilishajua. Marehemu alikuwa ameswali alfajiri, akaenda jikoni kuteleka chai, akaanguka. Presha, alisema muuguzi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alasiri ile ile akazikwa. Jambo ambalo muuguzi hakulijua, wala wale waliokuwa wakinipa pole hawakulijua, ni kwamba nilikuwa nimebeba neno la marehemu. Lilikuwa neno moja tu, alilonituma nimpelekee mtu, na nilikuwa sijalifikisha.

Nianze pale tulipojuana. Nilikwenda kwake kushonesha gauni la harusi ya binamu yangu, nikamkuta analia juu ya kitambaa changu. Nikadhani amefiwa. Akanionyesha kwa mkasi televisheni iliyokuwa pembeni ya cherehani. Kulikuwa na filamu iliyotokana na riwaya ya mapenzi ya zamani, ya huko Ulaya, na msichana mmoja alikuwa anafungua barua. Riwaya hizo alizianza siku alizokuwa akishona sare za hoteli moja ya Diani. Wageni humaliza likizo wakaviacha vitabu vyumbani, na wasafishaji walimwekea yeye kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyevitaka. Alivisoma kwa kamusi, pengine ukurasa mmoja kwa siku mbili. Miaka ikapita, ndipo akagundua kwamba vitabu vile vile vimefanywa filamu, na kwamba kuna duka Ukunda linalojaza filamu hizo kwenye flashi. Alinambia siku hiyo alijiona kama mtu aliyeandikiana barua na ndugu yake maisha yote, kisha ndugu akaja akabisha hodi.

Kama hujawahi kutazama filamu za namna hii, nikueleze, kwa sababu watu huzidharau bila kuzijua. Hamna bunduki wala magari yanayofukuzana. Mambo yote makubwa hutokea kwenye chai, kwenye dansi la heshima, kwenye njia ya shamba. Mtu anampenda mtu na hasemi. Saa mbili nzima hasemi, na wewe uliyekaa kwenye mkeka unatamani kuingia ndani ya kioo ukaseme kwa niaba yake. Mama fundi alijua kila filamu ilivyotofautiana na kitabu chake. Walipomwondoa dada wa tatu wa hadithi, alilalamika wiki nzima. Ila hakuwa mtu wa kununa. Aliniambia kitabu ni jora la kitambaa na filamu ni gauni, hakuna gauni bila kukata. “Lakini akate penye ziada,” alisema. “Huyu amekata begani. Sasa nguo itakaa wapi?”

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri wanawake watano au sita tulikusanyika kwake, na yeye alitufasiria kwa Kiswahili huku akishona pindo. Hapo ndipo nilipocheka kuliko mahali popote pengine maishani. Bwana wa filamu anapotoka mbio, nguo zimelowa, kwenda kumwambia bibi kwamba anampenda, mmoja wetu, muuza vitumbua, alikuwa akiuliza kwa uchungu wa kweli: “Huyu hana wazee? Ndiyo kuja kuposa mwenyewe, kwa miguu, na mvua yote hii?” Mwingine akajibu kwamba mshenga wake amekwama Ramisi. Lakini mama fundi hakucheka sehemu hiyo. Alishika pindo kwa mikono miwili na pumzi akaizuia. Siku moja nilimwuliza anaogopa nini, na filamu ile ameitazama mara tisa. Akasema, “Najua atakubaliwa, mwanangu. Moyo ndio haujui.”

Televisheni ile ilikuwa na ugonjwa, picha ikiruka. Aliyekuja kuitengeneza ni fundi wa vyombo hivyo mwenye kibanda kando ya barabara, mjane kama mama fundi, mtu wa Vanga kwa asili, mpole, wa kusalimia kila mtu na kungoja ajibiwe. Aliitengeneza Jumamosi moja, na kwa kuwa ndani walikuwa wanawake, akatoka akakaa kibarazani chini ya dirisha kungoja aone kama itatulia. Filamu ikaanza, hakuondoka. Jumamosi iliyofuata picha ikaruka tena, akaitwa tena, akakaa tena. Muuza vitumbua alisema kwa sauti ya kufika dirishani kwamba televisheni hii inaumwa siku za Jumamosi tu, tena baada ya alasiri. Tukasikia mtu anakohoa kibarazani. Ikawa desturi. Alizijua filamu zote kwa masikio, bila kuziona sura. Palipokuwa kimya ndani aliuliza kutoka nje, “Kanyamaza nani sasa?” Mama fundi akamjibu bila kuinua macho, “Bwana.” “Na bibi?” “Anatazama dirishani.” “Basi atakubali,” alisema yule, na sisi tukamzomea kwa kutumalizia hadithi.

Desturi hiyo ilipokaribia mwaka, alinisimamisha nje ya kibanda chake na kuniomba niwe mshenga wake. Alisema maneno ndiyo kazi yangu, nikiyaandika kila wiki watu wanayasoma, basi neno lake moja halitanishinda. Nilifurahi, nikaona nimeingizwa ndani ya filamu. Nikalipeleka ombi siku hiyo hiyo. Mama fundi hakujibu kwa wiki tatu. Alikuwa akiogopa, na hakunificha. Aliogopa vicheko vya mji, kwamba bibi wa wajukuu wanne anatafuta mume. Zaidi alimwogopa mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, ambaye ndiye angekuwa walii wake wa kumwozesha. Mwana huyo si mbaya. Aliwahi tu kusema mbele yetu, nusu mzaha, “Mama, filamu zisikupande kichwani.” Mzaha ule ulibaki kwenye kuta za chumba kile.

Kisha Ijumaa moja nilipita kuchukua blauzi yangu, nikamkuta anachora kitambaa kwa chaki. Hakuniangalia. Alisema, “Mwambie ndiyo. Mwambie hivyo hivyo, usimpambie.” Nikataka kumkumbatia, akanizuia kwa rula. “Na umwambie yeye kabla ya mwanangu kujua. Mwanangu nitamwambia mwenyewe akija. Nataka awepo mtu mmoja anayejua, ili nisiogope peke yangu.”

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipokosa. Nilitoka na lile neno, na kutoka kwake hadi kwenye kibanda ni hatua chache. Nikakiona kibanda, nikamwona mwenyewe ameinama juu ya redio, nami nikapita. Nilianza kufikiria yule mwana akija na kuuliza nani aliyemwingiza mama yake katika mambo haya. Nikaona jina langu linatajwa misikitini na sokoni. Nikajiambia kwamba heshima ya posa ni kujibiwa na wazee, si na mwandishi wa gazeti, na kwamba nitangoja mwana aje mwisho wa mwezi ili jibu lipite njia yake. Tazama nilivyouvika woga wangu kanzu ya adabu. Mwanamke aliyewahi kuolewa huulizwa mwenyewe na husema mwenyewe, nalijua hilo tangu chuo cha Kurani, naye alikuwa amekwisha sema.

Yule bwana alinipigia simu siku ya tano. Nikamwambia bado anafikiri. Akasema, “Asiharakishwe, mwanangu. Mwache.” Mama fundi naye alinipigia, akauliza kama nimemwambia. Nikasema sijampata, kibanda kimefungwa. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mahali ninapoweza kukiona kibanda kiko wazi.

Jumamosi ya mwisho tulitazama filamu kama kawaida. Yeye alikuwa ndani na pindo lake mkononi, yule bwana alikuwa nje chini ya dirisha, na mimi nilikaa mlangoni. Bibi wa filamu alisimama kando ya maji, barua mkononi, chumba kikanyamaza. Nikangoja sauti ya kibarazani iulize kanyamaza nani. Haikuuliza. Mama fundi aliinua macho akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Tulipokuwa tukivaa viatu alininong’oneza, “Kimya cha huyu bwana kinanitisha. Au amejuta?” Nikamwambia hajajuta, nitamwona kesho pasipo watu. Kesho nikapata mgeni. Kesho kutwa nikapata safu ya kuandika. Jumatano asubuhi ndiyo simu ya muuguzi.

Yule bwana alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akipokezana na wengine, mtu kati ya watu. Hakuna aliyempa mkono wa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alistahili. Siku mbili tatu za matanga nilijificha jikoni kwenye sufuria. Kila mlango ulipobishwa nilidhani ni yeye. Baada ya hitima nikaona kwamba nikilala na neno lile usiku mmoja zaidi litanioza mdomoni, nikaenda kibandani. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Mbele yake alikuwa ameifungua televisheni ya mama fundi. Mwana mkubwa alimletea, alisema, aone kama itafaa kupelekwa kwa wajukuu. Sikukaa, nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba jibu lilikuwepo nami sikulileta.

Hakupiga kelele. Aliweka bisibisi chini taratibu. Akauliza maneno ya marehemu yalikuwa yapi hasa. Nikamwambia: “Ndiyo. Alisema nikwambie hivyo hivyo, nisikupambie.” Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua. Kisha akauliza, “Siku gani?” Nikamwambia Ijumaa ile. Nikamwona anahesabu kwa kidole gumba, pingili baada ya pingili, mpaka ile Jumatano.

“Siku kumi na mbili,” akasema. “Nilikuwa mtu aliyekubaliwa siku kumi na mbili, na sikuwa na habari.”

Sina la kujitetea. Mpaka leo sijui mwanawe angesema nini, kwa sababu sikumpa nafasi ya kusema. Huenda angekasirika, huenda angecheka akaleta mchele wa harusi. Hofu yangu ilimjibia kabla hajaulizwa. Miaka yote nilikaa kwenye mkeka ule nikiwalaumu watu wa filamu kwa kunyamaza, nikitamani kuingia ndani ya kioo kuwasemea. Kumbe nimepewa kazi hiyo hasa, ya kumsemea mtu, hatua chache kutoka mlangoni kwake, nikapita nikitazama chini. Nadhani hiyo ndiyo sababu mama fundi aliogopa mara tisa filamu aliyoijua. Alijua waandishi wale wa zamani wangeweza kuzuia barua isifike. Alijua kuwa inafika kwa sababu kuna mtu kaamua kuipeleka.

Wewe pia huenda umebeba la mtu. Salamu, radhi, samahani, au ndiyo. Usinijibu mimi. Weka gazeti chini, chukua simu au vaa viatu, nenda kwa mwenyewe umwambie kwa maneno yale yale uliyopewa, kabla ya magharibi ya leo.