Msichana wa Kutazama Juu

Harufu ya mahindi kwenye turubai, hapa Kitale, hunirudisha Mabanga kwa Kukhu, nyanya yangu. Nilipenda kulala chali juu ya magunia, nikitazama mbingu mpaka macho yatoe machozi.

"Mvivu wewe," Kukhu alisema. "Ati mawingu itakurisha?"

Mchana mmoja, jua likiwaka, wingu jembamba lilichungulia nyuma ya Mlima Elgon. Nikapiga kelele, "Kukhu, mvua!" Majirani wakacheka. Kukhu akanitazama, akatazama juu, kisha akashika ncha ya turubai.

Tulipoingiza gunia la mwisho, tone la kwanza lilinipiga mgongoni. Mahindi ya majirani yalielea uani.

"Kesho wengine watapukuchua," Kukhu akatangaza. "Wewe rala hapa, uangarie mbingu."