Tarumbeta la Kanisa Kwenye Gwaride la Tawi

Kuna aibu ya kuanguka mtaroni watu wakikuona, hiyo ukishajipangusa imekwisha, na kuna aibu ya kusimama wima katikati ya barabara, tarumbeta mkononi, mbele yako baba yako mzazi na nyuma yako vijana arobaini wa gwaride, wote wanakusubiri useme neno moja tu na hilo neno halitoki. Mimi yangu ni hiyo ya pili. Mpaka leo nikipita Kikwajuni natazama upande wa pili wa njia, kama vile nimeona kitu cha maana sana kule (hakuna kitu, kuna ukuta). Basi nawahadithia, na chekeni mpendavyo, ila mkimaliza kucheka msiende kuwasimulia wajukuu zangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nina miaka kumi na tisa, jina langu Elia, najiona nimekwisha kuwa mtu. Baba yangu, Mzee Zakaria, alikuja Unguja angali kijana kutoka bara kuchuma karafuu, akabaki, akaokoka, akawa mzee wa kanisa letu dogo pale Kikwajuni. Nikisema dogo ni dogo kweli: kuta za mawe, paa la bati, mabenchi kumi na mawili. Walilijenga wenyewe, mawe wakiyabeba kichwani, na katika kubeba huko baba alitunga wimbo wa kuwapa watu mwendo, mguu huu jiwe, mguu huu jiwe: "Jiwe juu ya jiwe, tunakujengea Bwana." Ulikuwa wetu sisi tu, huukuti katika kitabu chochote. Baba akiupiga kwa tarumbeta, hata watoto wachanga walikuwa wakinyamaza. Kifua chake kilipoanza kumsumbua, lile tarumbeta akanikabidhi mimi mbele ya kanisa zima, akaniambia, "Mwanangu, hili si lako wala si langu. Ni la kanisa." Nikasema amina, na ilitoka moyoni.

Sasa, nilikuwa nimeokoka, tena sana, wa kushuhudia kila Jumapili mpaka machozi. Lakini ilikuwa miaka ya ajabu ile jamani! Kila siku mji unabadilika, majumba mapya yanapanda Michenzani, na kila Jumapili saa tatu, saa ile ile ya ibada, vijana wanapita dirishani kwetu na makarai na makoleo wakienda kujitolea, wanaimba, wanacheka, wanakwenda kulijenga taifa, na sisi tuliokaa benchi la mbele tunaimba zetu huku jicho liko nje. Wazee walituambia aliyeokoka hana siasa, dunia inapita. Kwenye tawi la chama wakasema dunia inajengwa. Mimi nilikuwa nataka yote mawili, na nilikuwa nayataka kwa moto!

Jirani yangu Haji, Mwislamu safi, rafiki yangu tangu tukicheza mpira wa chandimu, ndiye mpiga ngoma wa gwaride la vijana wa tawi letu. Siku moja akanikamata mlangoni. "Yakhe Elia, sisi tuna ngoma tu. Wenzetu matawi mengine wana matarumbeta. Nawe unalo limelala kanisani wiki nzima, si uje nalo?"

Nikaenda nalo. Baba nilimwambia limekwama, nalipeleka kwa fundi Darajani. (Na kweli kidude kimoja kilikuwa kizito kidogo kubonyeza, na uongo uliotiwa ukweli kidogo ndio unaotelemka vizuri kooni.) Nimefika tawini, vijana wamejipanga, Haji ananiambia puliza, ndipo nikakumbuka kwamba mimi katika maisha yangu sijui kupiga kitu chochote isipokuwa nyimbo za kanisani. Nikapuliza ule wa baba. Haji akautilia ngoma. Lo! Miguu ilikwenda yenyewe! Vumbi lilitimka, watu walitoka majumbani, na mwenyekiti wa tawi, Bwana Makame, mtu ambaye sijapata kumwona akicheka, alitoka na kikombe cha chai mkononi akasahau kukinywa.

"Nyimbo ya nani hiyo?"

Hapa ndipo pa kunichapa bakora. Ningesema ni ya kanisani, angesema iacheni. Ningesema ni ya baba, angeuliza baba ni nani na kwa nini haji tawini. Tena, niseme kweli, nilimwona Haji ananitazama kwa fahari, na moyo ukapanda juu.

"Yangu, Mwenyekiti."

"Umeitunga mwenyewe?"

"Naam. Mwenyewe."

Neno moja lile! Wiki haikwisha, wameutilia maneno yao, "Tofali juu ya tofali, tunalijenga taifa," wamenipa kofia ya kijani, na kila nikipita naitwa Mtunzi. Mtunzi, shikamoo! Mpaka muuza kahawa. Na mimi naitika, "Marahaba," bila haya. Mara Bwana Makame akatukusanya akasema kuna kiongozi mkubwa atakuja kututazama tukipiga gwaride, akipendezewa, tawi letu litatangulia mbele siku ya sherehe za Mapinduzi. Vijana wakarushana juu. Nami nikarushwa. Nilipokuwa hewani nikasikia siku yenyewe: Jumapili, saa tatu na nusu.

Jumapili asubuhi nikajifunika shuka gubigubi. "Nnaumwa, baba. Homa." Baba akaniwekea mkono kichwani akaniombea. Hakuomba kidogo. Aliomba kwa utaratibu, kiungo baada ya kiungo, kichwa, kifua, tumbo, magoti, akamkemea shetani wa homa mara tatu, kisha akaniachia chai ya tangawizi akaondoka na Biblia yake. Nikaona haya mpaka shuka likaniwasha. Lakini chai niliinywa, na kofia ya kijani nikaivaa, nikatokea mlango wa uani.

Njia tulikuwa tumeshapatana, moja kwa moja mpaka Michenzani, mbali na kanisa (mimi ndiye niliyeipendekeza, nikasema ina upepo mzuri). Tumeanza vizuri, mgeni anatembea pembeni na Bwana Makame, watu wamejaa barazani, tarumbeta linalia. Tumekata kona moja tu, tukakuta lori limemwaga kifusi njia nzima. Bwana Makame hakufikiri mara mbili, akapaza sauti, "Kushoto, geuka!"

Kushoto ni Kikwajuni. Kushoto ni kwetu.

Nikapunguza pumzi, tarumbeta likawa linakoroma. Mgeni akanigeukia. "Kijana, mbona limekufa? Puliza!" Ngoma nyuma yangu inanisukuma, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nikasahau. Nikapuliza kwa roho yangu yote! Sijapata kupiga vizuri namna ile kabla yake wala baada yake.

Kumbe ndani ya kanisa wako katika maombi ya kimya. Bi Salome, mama yetu mkubwa kuliko wote, macho yake hayaoni mbali lakini masikio ni ya paka, akasikia wimbo wetu unakuja barabarani. Akadhani ni kanisa la ndugu limetutembelea na bendi. Akaruka na kayamba lake, "Wageni! Tokeni tuwapokee wageni!" na kanisa lote likamwagika nje likiimba, "Jiwe juu ya jiwe, tunakujengea Bwana," na huku vijana arobaini, "Tofali juu ya tofali, tunalijenga taifa," sauti moja, mwendo mmoja, mpaka tukakutana uso kwa uso mbele ya mlango. Maneno yakagongana. Bi Salome akanishika shavu. "Elia mwanangu! Homa imeshaondoka? Bwana asifiwe!"

Nyimbo zikafa pande zote mbili.

Mgeni akauliza kwa upole tu, "Mwenyekiti, hawa wameijuaje nyimbo ya tawi lako?"

Bwana Makame akatazama huku, akatazama huku. Alikuwa ameshajisifu mno kuweza kurudi nyuma. "Mheshimiwa, hata mie nnashangaa. Watakuwa wametuibia hawa." Kisha akaukunja uso akaligeukia kanisa. "Nani mkubwa hapa? Nyimbo ya chama mnaiba mkaitia mambo yenu? Mnataka nyumba hii ifungwe?"

Mabenchi yale kumi na mawili, mawe yale waliyoyabeba kichwani, yafungwe kwa ajili ya neno langu moja! Baba akatoka mlangoni taratibu. Akaiona kofia. Akaliona tarumbeta lililoko kwa fundi Darajani. Akamwona mgonjwa wake.

"Mzee, hii nyimbo mmeipata wapi?" Bwana Makame akamwuliza.

Angeweza kusema. Maneno mawili tu, nimeitunga mimi, ningekwisha pale pale. Hakusema. Akanitazama, akajibu, "Muulize mpiga tarumbeta."

Ndipo nikasimama kama nilivyowaambia mwanzo. Na kwa kuwa mimi sijui njia nyingine ya kusema ukweli mbele za watu isipokuwa ile tuliyofunzwa, nikafanya kile kile ninachofanya kila Jumapili nikisimama kushuhudia. Nikainua mkono.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!" kanisa likaitika kwa mazoea, na maskini Haji naye akaitika.

Basi mwenye kushuhudia akishafunguka hafungiki. Nikasema yote. Kwamba wimbo si wa tawi wala si wangu, ni wa Mzee Zakaria huyu hapa, na hakuna aliyeibiwa isipokuwa yeye. Kwamba tarumbeta halikuharibika. Kwamba homa sikuwa nayo na magoti yangu yaliombewa bure. Na nilipofika hapo ningenyamaza, lakini breki hazipo, nikaungama na yale mapera ya Bi Salome ya mwaka juzi ambayo alimsingizia popo. "Ah! Wewe!" Bi Salome akasema, na kayamba likanilia kichwani.

Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Vijana walicheka mpaka mistari ikavunjika. Bwana Makame hakucheka. Alikuja akanivua kofia ya kijani kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari, akanielekeza nyuma kabisa ya gwaride. Na baba akanyoosha mkono. "Tarumbeta." Nikampa. Akalipangusa mdomo kwa leso yake, akalitia kwapani, akageuka arudi ndani.

"Sasa gwaride litakwenda na nini?" mgeni akauliza.

"Kwani sie hatupo?" Bi Salome akajibu, akalitikisa kayamba akatangulia. Nawaapia, gwaride la tawi letu liliingia Michenzani likiongozwa na bibi kizee anayeimba "tunakujengea Bwana" kwa sauti ya kupasua anga, Haji anampigia ngoma, vijana wanacheka na kuitikia kila mtu na maneno yake, mgeni anapiga makofi, Bwana Makame anatazama mawingu. Na mimi nyuma, kichwa wazi, sina hata kijiti cha kushika, na watoto barazani, "Mtunzi! Mtunzi!" Nilitamani ardhi ipasuke, ardhi ikanigomea.

Nikahukumiwa kotekote. Tawi lilinipa Jumapili nne za kuchanganya saruji baada ya ibada. Kanisa likanitoa kwenye kwaya miezi mitatu nikae benchi la nyuma, peke yangu. Baba nyumbani hakunisema hata neno, na afadhali angenipiga.

Lakini Jumapili ile ya kwanza, wakati wa ushuhuda, akasimama Ester, sauti ya kwanza ya kwaya. Akasema naye huwa anamuaga mamake kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, kumbe anakwenda mkutano wa tawi. Haya, benchi la nyuma. Jumapili ya pili wakasimama wengine wawili. Ya tatu, wanne. Nilikuwa nikisogea kuwapisha mpaka nikabanwa ukutani. Kumbe benchi zima la mbele lilikuwa na mlango wake wa uani! Jumapili ya nne baba alisimama kutoa matangazo, akatazama mbele, amebaki Bi Salome na kayamba lake. Akatazama nyuma, tumejazana sote.

"Naona kanisa limegeuka," akasema. Akafunga Biblia, akafungua, akafunga tena. "Kuanzia Jumapili ijayo, ibada itaanza saa moja asubuhi."

Jumapili ile iliyofuata, saa tatu tulikuwa nje. Adhabu yangu ya tawi ilikuwa imekwisha, lakini nilichukua karai nikashika njia ya Michenzani, nikasikia nyayo nyuma yangu. Benchi la nyuma lote! Na nyuma yao baba, tarumbeta kwapani. Alikwenda mpaka kwenye rundo la mchanga aliposimama Bwana Makame.

"Wimbo ni wangu," akamwambia. "Niliutunga tukibeba mawe. Nanyi mnabeba, basi utumieni. Ila huyu mwongo simpi tarumbeta mpaka miezi yake mitatu iishe."

Akapuliza mwenyewe. Kifua chake kilikuwa kibovu, kila baada ya mistari miwili anasimama anakohoa, nasi tunasimama na makarai kichwani tunamsubiri amalize, kisha tunakwenda tena. Nililia pale, nikamwambia Ester ni saruji imeniingia machoni. (Naye ndiye huyu anayewaletea chai, muulizeni kama aliamini.)

Nikaapa siku ile sitasema tena "mwenyewe" juu ya kitu nilichopewa. Baba ameshatangulia, na tarumbeta ninalo mimi. Na popote ninapoitwa kupiga, iwe kanisani, iwe harusini, iwe mbele ya wakubwa, hunisikii kabla sijashusha tarumbeta na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: wimbo huu ni wa Mzee Zakaria. Kisha ndipo napuliza.