Shoka la Mama Haki

Mwanamke yule muuza nyama alikuwa na mikono minene kama gogo lake la kukatia. Akishusha shoka, vikombe vya jirani vilicheza kabatini. Mdogo wake, waliyemwita Kimya, kazi yake ilikuwa kuchutama na kumshikia mguu wa ng'ombe.

Siku moja mpita njia akawapiga picha. Mguu wa ng'ombe haukuingia pichani: ilionekana shoka juu, aproni yenye damu, na kichwa cha Kimya chini yake. Mtandao ukawaka moto. Huyu kaandika, "Mama Haki anamkomesha mwizi!" Yule kaichapa kwenye fulana. Mwandishi mmoja akaitia kwenye riwaya yake ya maisha ya mtandaoni, eti shoka lile ni hasira ya wanyonge.

"Hasira ya mfupa wa paja," muuza nyama alisema, akaendelea kukata.

Hakujua kwamba uso wa Kimya nao umekuwa ishara: kila mwizi duniani ni yeye.

Kimya alipotoka kupeleka visu vinolewe, barabara nzima ikamrukia. "Mwizi wa kwenye picha!" Tofali la kwanza lilimvunja taya. La pili liliyamwaga meno yake kama punje za mahindi. Wakamburuta kwa miguu hadi mlangoni pa bucha, Mama Haki ammalizie.

"Mwacheni! Ndugu yangu huyo, tumbo moja!"

"Usimwonee huruma, mama! Tumekusoma mpaka kitabuni!"

Teke likatua, ubavu ukalia kama kuni kavu.

"Dada..." Kimya akatema damu.

Muuza nyama akaona watu hawa hawamsikii yeye, wanamsikia yule wa kwenye picha. Akakunja uso, akainua shoka juu kabisa.

"Jamani, picha!" akaita.

Kila mtu akataka mikono yote miwili kwa ajili ya simu. Matofali yakaanguka, pu, pu, pu. Jingine likamponda aliyelishika kidole cha mguu.

"Bado!" muuza nyama akanguruma. "Rudini nyuma, nitoke mzima pichani!"

Wakarudi, wakisukumana. Akamsukuma Kimya kwa ncha ya buti. "Tambaa, kichwa maji wewe."

Kimya akatambaa kwa viwiko, akiacha mchirizi mwekundu sakafuni, mpaka chumba cha baridi. Komeo likalia ndani.

Ndipo shoka likashuka. Likapasua simu ya mbele pamoja na kidole gumba kilichoishika.

"Haya," akasema, "na hiyo itieni kwenye riwaya."