Kura ya Jumatatu

Swaib alikuwa mtu wa kuogopa, na wala hakuona haya kulisema. Aliogopa barua zenye muhuri, aliogopa vikao, aliogopa hata makofi ya watu wengi kwa pamoja. Mnubi huyu, mzaliwa wa Jinja, alikuwa amepika katika chuo kikuu kimoja mjini Mbale kwa miaka ishirini na miwili. Moshi wa kuni ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakimwita "afande" wakidhani ni mkali. Mkali wapi! Mtu mwenyewe hushtuka sufuria ikianguka.

Hofu hiyo ilikuwa na ilikotoka. Alikuwa na miaka saba serikali ya wanajeshi ilipoanguka, na Wanubi wote wakahesabiwa kuwa askari wake, hata baba yake aliyekuwa fundi cherehani tu. Watu wa mtaa wao kule Jinja walifanya kikao uani kwa akina Swaib, wakapiga kura kwa kuinua mikono, na kabla ya magharibi familia ilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Swaib aliuona mkono wa jirani aliyekuwa akimpa maziwa ukipanda. Hilo hakulisahau.

Basi walimu na wanafunzi walipounda kamati ya kukifanya chuo kiwe cha kijani, roho ikamruka. Walipanda miti, sawa. Walipiga marufuku mifuko ya plastiki, sawa. Kisha wakachimba nyuma ya jiko lake mtambo wa gesi ya samadi, ili kuni ziachwe. Mpishi wa kuni, kuni zikiachwa, anabaki nani? Hata hivyo alisaidia. Kila asubuhi ni yeye aliyemwaga humo maganda ya matoke na mavi ya ng'ombe. Mwalimu Yekosofati, mwenyekiti wa kamati, alimwonya jambo moja: maji ya sabuni yasiingie kamwe, maana yataua vijidudu vinavyotengeneza gesi.

Ijumaa, Racheal, mwanafunzi kutoka Buwenge aliyekuwa katibu wa kamati, alichungulia mlangoni.

"Habali ya kazi, mzee? Jumatatu saa saba ni kura hapa jikoni. Kamati yote inakuja. Usiambie watu."

"Kura? Kwangu?"

"Kwako, mzee!" Akacheka, akaenda zake.

Mwiko ukamtoka mkononi. Usiku ule hakulala, na Jumamosi akaenda Jinja kwa dada yake Ramlah, ambaye badala ya kumtuliza alizidi kumtia hofu.

"Mdogo wangu, hata sisi walianza hivyo hivyo," alisema. "Kikao kwako mwenyewe, na wanacheka."

"Nifanye nini, dada?"

"Mimi najua? Lakini huo mtambo ukifa, si watarudi kwenye kuni? Na wa kuni ni wewe."

Akarudi chuoni usiku uleule. Jumapili, wengi wakiwa kanisani, Swaib alisimama kwenye mdomo wa mtambo na ndoo nne za maji ya sabuni na dawa ya kuoshea vyoo. Akamwaga ya kwanza, akamwomba Mungu msamaha, kisha akamwaga tatu zilizobaki.

Jumatatu saa saba kamati ikaingia. Swaib alitafuta karatasi mikononi mwao, akaona sahani na vijiko. Racheal akawasha jiko jipya la gesi, na gesi iliyobaki tangini ikatoa moto wa buluu usio na moshi. Wakapiga makofi. Swaib akarudi nyuma hadi ukutani.

"Bwana Swaib, leo hupiki, unapikiwa," alisema Yekosofati. "Tulikubaliana tangu mwezi uliopita kwamba mkuu wa mtambo huu ni wewe. Tumekuja tule pamoja."

"Na kura?"

"Kura gani?"

"Racheal alisema leo ni kura."

Jiko zima likaangua kicheko. "Mzee, mimi nirisema kura! Kura chakura!" Racheal akaupeleka mkono mdomoni kumwonyesha.

Swaib alijua tangu zamani kwamba binti huyu mchele huuita mchere. Alijua vizuri, na akasahau siku ile moja aliyohitaji kukumbuka.

Wali na maharage vilipoiva wakaanza kula. Yeye alisogezasogeza wali tu kwenye sahani. Walipobandika chai, moto ulikuwa umeanza kufupika, ukageuka kuwa wa njano. Yekosofati akainama kuukagua mpira wa gesi, akisema labda umejikunja mahali.

"Mpira hauna kosa, Mwalimu," alisema Swaib. "Nilimwaga sabuni mtamboni jana. Ndoo nne, na dawa ya choo. Nilidhani mnakuja kunifukuza. Niliogopa."

Yekosofati alibaki ameinama, mpira mkononi, na Racheal alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Sasa ipigeni hiyo kura," alisema Swaib. Akaketi juu ya gogo la kuni, akaitazama mikono yao mmoja mmoja, akingoja ni upi utakaopanda kwanza.