Treni ya Ojiambo

Juzi pale Malaba niliona tangi la shaba la stovu kuukuu kwenye rundo la vyuma chakavu, nikasimama. Kwa tangi kama hilo, baba yangu aliunda boila, chombo cha kuchemshia maji, ya treni ndogo, ndefu kama mkono wangu wa utotoni, katika banda lililokuwa uani kwetu. Alikuwa akimtengenezea kaka yangu Ojiambo, aliyelazwa hospitalini, mtoto aliyependa treni kuliko chakula.

Alasiri moja treni hiyo ilitembea kwa mara ya kwanza. Banda lilinuka spiriti na mafuta yaliyoungua. Maji yalichemka, magurudumu yakaanza kuzunguka taratibu juu ya reli za bati, kisha baba akavuta waya na filimbi ikalia, nyembamba kama sauti ya kifaranga.

Ndipo mama akaingia uani kutoka hospitalini, amebeba blanketi la Ojiambo na viatu vyake. Mimi nilielewa kwamba kaka amepona, ameruhusiwa, na anakuja polepole bila viatu.

"Baba, Ojiambo amerudi," nilisema, nikakimbilia barabarani kumwambia treni yake inatembea.

Niliita jina lake mpaka nikasikia kilio cha mama kutoka uani. Baba akaja, akanishika bega kwa mkono wenye mafuta.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye sikuzote, "twende nyumbani. Haji."

Nikamwambia tungoje kidogo, pengine amechoka kutembea. Baba akaketi nami kando ya barabara, tukangoja.